Siri ya Kivuli na Kisigino

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Sogeeni karibu na uteo huu, wajukuu wangu. Mbaazi za Katangi hazijimenyi, na mkono ukiwa kazini sikio husikia vizuri.

Hapo kale, katika tambarare ya Kano, karibu na ziwa kubwa la magharibi, Waluo walipigana na majirani zao Wanandi. Waluo walikuwa na shujaa aliyeitwa Lwanda Magere. Lwanda kwa Kijaluo ni mwamba, na jina lilimkaa: mkuki ukimpata ulipinda, mshale ulidondoka kama kijiti. Wanandi walizika vijana wao mpaka wakachoka. Wazee wakaketi, wakapatana njia nyingine. Wakamchagua msichana mrembo wa kwao, wakampeleka kwa Magere awe mkewe, eti zawadi ya amani. Wazee wa Kiluo walimkanya. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja Magere akaugua, na mke mkubwa hayupo. Akamwomba yule mke wa Kinandi amchanje, apake dawa. Msichana akachukua kisu, akachanja. Kisu kikateleza kama juu ya jiwe la kusagia. Akachanja tena, hata mkwaruzo hakuna. Ndipo mume, kwa maumivu, akamwambia achanje kivuli chake. Kisu kikagusa pale mchangani kivuli kilipolala, na damu ikatoka.

Mmeacha kumenya! Endeleeni.

Msichana akatoroka, akarudi kwao na siri. Vita vilipozuka tena, Mnandi mmoja hakujisumbua na kifua cha Magere. Mkuki wake aliuchoma kwenye kivuli. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa huko Kano hadi leo, na wawindaji walikuwa wakinolea silaha zao juu yake ili wapate bahati.

Sasa tuvuke bahari hadi Ugiriki ya kale. Wagiriki walipigana na mji wa Troy miaka 10, kwa sababu ya Helen, mke wa mfalme Menelaus, aliyeondoka na Paris, mwana wa mfalme wa Troy. Shujaa wa Wagiriki aliitwa Achilles. Alipokuwa mchanga, mama yake alimchovya katika mto wa kuzimu, chuma kisimdhuru. Lakini alimshika kisigino, na pale maji hayakufika. Wapo wasimulizi wanaosema kwamba Achilles alimpenda Polyxena, dada yake Paris, akamwambia siri yake. Polyxena akawaambia ndugu zake. Achilles akaenda hekaluni bila silaha, akidhani anaenda kuposa, na mshale wa Paris ukampata kisiginoni. Homer, msimulizi mkongwe wa vita hivyo, kisigino hakukitaja. Waliomfuata ndio walioongeza. Hadithi nayo hukua kama mtoto.

Hapo mjukuu wangu mmoja, mvulana, akaniuliza: "Susu, basi mwanamke haambiwi siri?"

Aa, mwanangu! Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, alikufa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kiume. Siri haichagui mlango. Anayetuumiza ni yule tuliyemruhusu akaribie, kwa maana adui wa mbali hajui tulipo dhaifu.

Tena mfikirie yule binti wa Kinandi. Wazee walipopanga, nani alimwuliza? Akinyamaza, kaka zake wanakufa. Akisema, mumewe anakufa. Kila njia ina kaburi. Naye Polyxena, Troy ilipoteketea, Wagiriki walimchinja juu ya kaburi la Achilles, eti ni fungu la shujaa wao. Vita vilianzishwa na wakubwa, na deni likalipwa na wasichana.

Mwamba wa Kano una jina la Magere. Ukano mnene ulio nyuma ya mguu wenu, juu ya kisigino, madaktari huuita kwa jina la Achilles. Yule binti wa Kinandi, kila nilipoisikia hadithi hii, huitwa tu "yule msichana". Kwa hiyo mtakapowasimulia wenzenu, msianze na mikuki. Anzeni na yeye, siku ile anafungasha vitu vyake na mama yake amesimama mlangoni.

Haya, uteo umejaa. Tieni chungu motoni.