Mchekeshaji Asiye na Mtani

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, ikisha kuvuka Ugogo, haikuwa na budi kukata Mgunda Mkali, pori lile la kiu ambalo leo sehemu yake kubwa imo pande za Manyoni na Itigi, mkoani Singida; na wajuzi wengi wa mila huunasibisha na misafara hiyo ule utani wa makabila ambao hata sasa humpa mtu idhini ya kuingia msibani, akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, na asiguswe. Idhini hiyo ina deni lake, kwani mtani anayekejeli ndiye pia anayechimba kaburi.

Nimeutanguliza utani kwa sababu ndio mizani ninayoiona inafaa kumpimia Idris Sultan. Kijana huyu, aliyezaliwa Arusha mwaka 1993, alishinda shindano la televisheni la Big Brother Africa mnamo Desemba 2014, akatunukiwa dola 300,000 za Marekani. Basi umaarufu ukamjia kabla ya ustadi, jambo ambalo aghalabu huwaangamiza vijana. Yeye hakuangamia: alishika jukwaa, akatangaza redioni, akacheza filamu, miongoni mwazo Slay ya mwaka 2021.

Wachekeshaji wa kabla yake, marehemu King Majuto wa Tanga, kadhalika kundi la Ze Comedy, walichekesha kwa kuigiza, na aliyeigizwa ndiye aliyebeba lawama. Mtu wa stendapu kama Idris husimama peke yake na kipaza sauti, hana vazi la kujifichia, na kila neno ni lake. Kule Kenya, Daniel Ndambuki, yaani Churchill, aliiona hatari hiyo mapema: katika kipindi chake cha NTV aliwapandisha vijana wa makabila mbalimbali, na wengi wao walianza kwa kujicheka wenyewe na kwao. Huo ni utani halisi, umehamishiwa televisheni tu.

Idris aligusa pasipo na utani. Mnamo Oktoba 2019 alibandika mtandaoni picha iliyobadilishanisha sura yake na ya Rais Magufuli, akaamriwa aende polisi. Mei 2020 akakamatwa baada ya kuonekana akiicheka picha ya zamani ya Rais, ingawa shtaka alilosomewa katika Mahakama ya Kisutu lilihusu laini ya simu, wala si kicheko, na baadaye mahakama hiyo ikamwachia huru. Kwa rai yangu, hakukosa adabu. Alikosa mtani, kwa kuwa mwenye mamlaka hakuwekeana naye ahadi yoyote ya kuvumiliana, na mzaha usio na ahadi huishia kituoni.

Nanyi wasomaji wa Singida, mchekeshaji akija mjini kwenu, mlipieni kiingilio kamili. Na akianza na Wanyaturu, Wanyiramba wacheke upesi, kwani zamu yao haiko mbali.