KUMBE TUMBO NALO LINAONJA UCHUNGU!

Wiki hii nimekuja na kisa cha shangazi yangu, na naomba usicheke mapema, maana huenda hata kwenu yupo shangazi wa namna hiyo hiyo.

Shangazi anaishi Tandika, na ugonjwa wa sukari anao mwaka wa sita sasa. Jumamosi moja nikamtembelea. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, pita ndani." Kabla hata sijakaa, naona mezani jagi limejaa maji ya kijani yaliyokolea. Mimi na kiu yangu nikadhani juisi. Nikajimiminia, nikapiga funda moja. Loh! Nilitoka mbio hadi uani kutema. Ulikuwa mwarobaini uliochemshwa, bwana, uchungu wake shubiri inasubiri!

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini habari aliyonipa baada ya hapo ndiyo iliyonikata maini. Eti vidonge vya kliniki kaviweka kando, wiki ya tatu sasa. Jamaa mmoja anayeuza dawa kituo cha daladala kamwambia uchungu na sukari ni maadui, chungu ikiingia, tamu inakimbia. "Hesabu nyepesi tu hiyo, baba. We umesoma, umeshindwa kuielewa?"

Nilikaa kimya. Kusoma kwenyewe niliishia kidato cha nne, na baiolojia nilipata D ya huruma. Lakini sikulala. Nikaanza kusaka wataalamu wanasema nini kuhusu uchungu na tumbo, nikitegemea kukuta yule jamaa ni tapeli mtupu. Nilichokikuta kilinishangaza.

Tuanze na ulimi. Kwenye ulimi kuna vitu vidogo mno vinaitwa vipokezi. Vichukulie kama vitasa, na chakula ndicho kinachobeba funguo. Kitu kichungu kikigusa kitasa chake, habari inakwenda kwenye ubongo mara moja: "Tema hiyo!" Sumu nyingi za mimea ni chungu, ndiyo maana mtoto mchanga hafundishwi kukunja uso. Bibi zetu walilijua hilo zamani, wakampaka mama shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, wakiwemo Charles Zuker na Nicholas Ryba, walitangaza kuipata familia ya vipokezi hivyo vya uchungu. Binadamu anavyo vya aina 25 hivi. Kwinini pekee inafungua aina kadhaa kwa mpigo. Aliyewahi kumeza klorokwini enzi zile za malaria, kidonge kikagoma kushuka, hahitaji kuhadithiwa.

Sasa shika kiti. Mwaka 2002, Enrique Rozengurt na wenzake wa chuo kikuu kimoja kule Los Angeles walitazama tumbo na utumbo wa panya, wakakuta vipokezi vile vile vya ulimini viko ndani huko! Baadaye vikaonekana hata kwenye utumbo wa binadamu. Ina maana ukishameza ile dawa na kushukuru kwamba yamekwisha, kumbe safari ya uchungu ndiyo kwanza inaanza. Tumbo nalo linaonja.

Tofauti ni kwamba utumbo haukunji uso. Wenyewe unatuma barua, na barua hizo ndizo homoni. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli ambazo kazi yake ni kuonja kinachopita na kumwaga homoni kwenye damu. Nitakutajia tatu tu, usije ukanikimbia. Ya kwanza ni ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, inatoka zaidi tumboni na ndiyo inayokwambia una njaa. Ya pili inaitwa CCK, hii inasema "umeshiba, weka kijiko chini." Ya tatu ni GLP-1, ambayo inalikumbusha kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, na inalipunguzia tumbo kasi ya kushusha chakula.

Umeiona hiyo ya tatu? Inagusa sukari! Hapo ndipo nilipoanza kumwomba radhi shangazi kimoyomoyo. Kwenye maabara, seli za utumbo na panya waliopewa vitu vichungu kweli walionekana wakitoa GLP-1.

Lakini subiri, msomaji wangu, usiukimbilie mti wa jirani na panga.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 2011 waliwapa panya mchanganyiko wa vitu vichungu moja kwa moja tumboni, bila kupita ulimini. Ghrelini ikapanda, na kwa nusu saa ya kwanza panya wakala zaidi. Baada ya hapo wakala kidogo kwa saa kadhaa, kwa sababu chakula kilichelewa kutoka tumboni. Kwa hiyo kitu kile kile kilileta hamu ya kula, kisha kikaifunga. Hesabu nyepesi ya kituo cha daladala imeshaanza kuwa ngumu, au siyo?

Na watu je? Mwaka 2015 huko Italia, wanawake 20 wenye afya njema walimeza kapsuli yenye miligramu 18 za kwinini, iliyotengenezwa isipasuke mpaka ifike kwenye utumbo. Ulimi haukujua chochote. Walipoketi mezani walikula wastani wa kalori 514, badala ya 596 siku waliyopewa kapsuli isiyo na dawa, na ile homoni ya shibe, CCK, ilipanda zaidi. Tofauti ni kalori 80 hivi, sawa na slesi moja ya mkate. Yapo majaribio mengine ya watu ambayo hayakuona tofauti ya maana.

Slesi moja, wajameni! Na hao walikuwa watu wazima wa afya, hakuna hata mmoja aliyeambiwa atupe vidonge vyake.

Jambo jingine ni muda. GLP-1 ya mwili wenyewe ikishaingia kwenye damu, nusu yake inapotea ndani ya dakika mbili hivi. Zile sindano za sukari na za kupunguza unene zinazovuma siku hizi zinaiga homoni hiyo hiyo, ila zimetengenezwa zidumu, nyingine wiki nzima kwa sindano moja. Jagi la mwarobaini haliwezi kushindana na hilo. Na usiseme basi tumeze kwinini, maana ikizidi inavumisha masikio, inavuruga mapigo ya moyo, na inaweza kushusha sukari ghafla mpaka mtu akaanguka. Ulimi haukukunjwa bure.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Tandika. Safari hii sikubisha. Nikamwambia, "Shangazi, ulikuwa na ukweli nusu. Tumbo linausikia uchungu, na linajibu. Ila linajibu kwa kunong'ona, na sukari yako inahitaji mtu wa kupiga kelele. Twende tukapime, tuone nani mkweli."

Kipimo kikasoma 19. Daktari wake alishamwambia asivuke 10. Shangazi aliitazama ile namba bila kusema neno, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Njiani kurudi akaniuliza swali moja tu: "Sasa miguu yangu itapona hii ganzi?" Hapo ndipo nilipojua kwamba miguu ilikuwa imeshaanza, naye alikuwa ananificha. Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tu.

Vidonge amerudia, na kliniki anakwenda. Mwarobaini, muuguzi kamwambia auache. Mchunga wa nazi anaendelea kupika, na mimi naula nikikunja uso, huku nikiwaza vitasa vinavyofunguka chini huko.

Nawe msomaji, kama una mgonjwa wa sukari nyumbani, leo usimwulize tu kama amekula. Mwombe akuonyeshe pakiti ya vidonge, uhesabu vilivyobaki. Mimi nilichelewa wiki tatu.

Ni hayo tu kwa leo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.