Zambia: Je, thamani ya barabara hupimwa kwa kilomita?

Samaki wa Ziwa Mweru wanaopelekwa kusini kutoka Nchelenge hupitia Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, kabla ya kufika Mansa. Barabara kuu ya bonde la Luapula ni hiyo moja. Inapoharibika, hasara humfikia mvuvi, mgonjwa anayewahi hospitali, na pia wakimbizi kutoka Kongo wanaoishi katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 wilayani Nchelenge.

Nchi inajuaje, basi, kwamba fedha za miundombinu zimetumika ipasavyo? Mwaka 2015, Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria kuwa kwa wastani asilimia 30 ya manufaa ya uwekezaji wa umma hupotea kutokana na usimamizi dhaifu. Shirika hilo huchunguza hatua tatu: kupanga, kutenga fedha na kutekeleza.

Katika kupanga, mfano uko Chembe, kusini mwa mkoa huohuo wa Luapula. Mwaka 2008 daraja la Levy Mwanawasa lilichukua nafasi ya kivuko. Hata hivyo, ng'ambo ya mto, barabara inayokatiza ardhi ya Kongo kuelekea Ukanda wa Shaba ilibaki ya vumbi kwa miaka kadhaa. Daraja lilikuwa imara, lakini safari iliendelea kuwa ngumu.

Katika kutenga fedha, mwaka 2012 serikali ya Rais Michael Sata ilizindua mpango wa Link Zambia 8000, uliolenga kujenga zaidi ya kilomita 8,000 za barabara. Katika miaka hiyo nchi ilikopa kwa wingi, na Novemba 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba ya hati zake za dhamana za kimataifa. Deni linapolemea bajeti, miradi husimama nusu, na barabara isiyokamilika huharibiwa na mvua kabla ya kumnufaisha mtu.

Katika kutekeleza, madaraka yamesogezwa karibu na wananchi. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo ya Uchaguzi, CDF, uliongezwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, likiwemo la Mwansabombwe. Kamati za maendeleo za kata hushiriki kupendekeza miradi.

Fedha zaidi, hata hivyo, si ushahidi wa ufanisi. Kipimo kinachomhusu mkazi wa bondeni ni chepesi kukitumia: je, mradi uliahidiwa ukamilike lini na kwa gharama gani, umekamilika lini, na nani ametengewa fedha za kuziba mashimo na kuzibua mitaro kila kabla ya masika? Penye majibu ya maswali hayo, barabara hudumu. Yasipokuwepo, lami mpya huwa ni mwanzo tu wa gharama nyingine.