Takdiri ya Mafuriko katika Ardhi ya Gitothua

Aghalabu mtu wa Gitothua akiulizwa habari ya maafa huinua macho mbinguni, kana kwamba hatari yote hushuka na mvua; lakini sisi ambao kazi yetu ni kuyakadiria maafa kabla hayajafika twatazama kwanza chini, kwani mvua, hata iwe kubwa namna gani, haiwi afa mpaka imkute mtu njiani mwake, naye awe hana la kujikingia. Kwa hiyo hesabu yetu ina nguzo tatu: nguvu ya tukio lenyewe na marudio yake, watu na mali waliowekwa mbele yake, na uwezo wao wa kustahimili.

Nguzo ya kwanza ndiyo ifahamikayo vibaya. Mtaalamu asemapo kwamba mvua fulani hurudi mara moja katika miaka 100, msikilizaji hujipa amani kuwa, maadamu imekwisha kunyesha mwaka jana, watakaoiona tena ni wajukuu wake. La, hasha. Kila mwaka, bila ya kuuangalia uliotangulia, kuna nafasi 1 katika 100 ya kuipata. Na akaaye katika nyumba moja miaka 30 ana takriban nafasi 1 katika 4 ya kukutwa nayo.

Amma nguzo ya pili ndiyo iliyobadilika upesi kuliko zote. Ruiru, kaunti ndogo ya Kiambu ambayo Gitothua ni wadi yake, ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo, katika kaunti ndogo hiyo, watu zaidi ya 371,000. Chukua ploti moja ya futi 50 kwa 100, ikajengwa na kusakafiwa mpaka ukingoni: mvua ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja, ploti hiyo humwaga nje maji yanayozidi lita 23,000, ambayo mengi yake yangalinywewa na udongo wa shamba. Jirani naye humwaga yake, na jirani wa jirani vivyo hivyo, hata yote yakutane katika mtaro mmoja uliojaa chupa na mifuko. Na kuelekea Murera na Juja Farm, udongo mweusi ule unasao viatu, ukishalowa, huvimba wala haupitishi maji tena.

Ndiyo sababu naona orodha ya hatari za kaunti yapasa ianze na makalvati, kabla ya mawingu. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, ng'ambo ya mpaka wa Kiambu na Nakuru, maji yalizuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani ambalo njia yake ya maji ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Tuta lilipofumuka usiku, makumi ya watu wakafa. Aliyepima mvua tu asingaliliona jambo lile.

Nguzo ya tatu haina maneno mengi: mpangaji wa chumba cha chini, alipaye kodi kwa kibarua cha siku, akipoteza godoro na jiko hana bima wala shamba la kukimbilia. Katiba ya mwaka 2010 iliukabidhi mzigo wa maafa kwa serikali zote mbili, ya taifa na ya kaunti; nao mzigo wa wawili, kama ilivyo ada, kila mmoja hudhani mwenziwe ameushika.

Basi wewe utakaye kununua ploti karibu na mto Ruiru, usiende kuitazama Januari, mto ukiwa mwembamba na mpole. Nenda masika, ukawaulize wenyeji wa kale maji yalifika wapi mwaka 2024, na yalifika wapi katika ile El Niño ya mwaka 1997. Kwani Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilipoagiza ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe wazi, ziliupima kwa furiko kubwa kuliko yote lililopata kuandikwa. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha alama ya furiko hilo, usimpe arubuni.