Kazi Ifanyikayo Ndani ya Tope la Pwani

Wengi wetu, tupitapo penye mikoko maji yakiwa yamekupwa, huziba pua na kusema, "Tope hili limeoza!" Neno hilo ni kweli, lakini yafaa wasomaji wetu wajue kwamba kuoza huko ni kazi, na lau kazi hiyo ingesimama, mizoga na majani yangelundikana pwani kote.

Na tulitazame jani la mkoko. Likianguka, kaa hulikata vipande wakaviingiza mashimoni mwao. Vipande hivyo, pamoja na mwani uliokufa, ndivyo chakula cha bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Katika tope laini hewa ya oksijeni hupenya milimita chache tu, kwani bakteria wa juu huimaliza mara iingiapo.

Je, walio chini huishije? Mwaka 1895 mtaalamu wa Kiholanzi, Martinus Beijerinck, alionyesha kwamba wako bakteria watumiao salfeti, yaani chumvi ya salfa, badala ya oksijeni. Kilo moja ya maji ya bahari ina kadiri ya gramu 2.7 za salfeti, basi akiba yao ni kubwa. Katika kazi yao hutoa gesi inukayo kama mayai viza, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni, tope huwa jeusi. Katika matope ya pwani, karibu nusu ya mabaki yaozayo huozeshwa kwa njia hii.

Wazee wetu hawakuyajua majina haya, lakini faida yake waliijua. Akina mama wa Unguja hufukia makumbi ya nazi ufukoni kwa miezi kadhaa. Bakteria hula ile gundi inayoshikanisha nyuzi, bali nyuzi zenyewe huwashinda kwa ugumu wake. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa, na usumba wake husokotwa kamba.

Ugumu wa namna hiyo ndio uhifadhio mabaki ya mizizi ya mikoko topeni kwa karne nyingi, maadamu hewa haiyafikii. Mikoko ikikatwa na tope likachimbuliwa, oksijeni huingia, mabaki huoza upesi, na kaboni iliyolala humo hupanda angani ikazidisha joto la dunia.

Iko na hatari ya upande wa pili. Taka za mji zikimwagwa pwani kupita kiasi, bakteria huzishambulia hata oksijeni ikaisha majini pia, na ile gesi, ambayo ni sumu, ikawafikia chaza, kombe na samaki wadogo. Hapo mama aendaye kuokota kitoweo hurudi na kapu tupu.

Basi tusilidharau tope kwa uvundo wake. Tusiligeuze jaa, wala tusiivue nguo yake ya mikoko pwani inayotulisha.