Kukosoa na Kupinga: Itikadi na Magazeti katika Enzi ya Mwalimu

Mwitongo, kijijini Butiama, amezikwa mtu aliyeujua uhuru wa magazeti kwa pande zote mbili: upande wa mshtakiwa na upande wa dola. Mwaka 1958 Julius Nyerere, mhariri wa Sauti ya TANU, alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni, akalipa faini ya shilingi 3,000 badala ya kifungo. Miaka 12 baadaye, tarehe 5 Februari 1970, yeye mwenyewe akiwa Rais, alilitaifisha gazeti la The Standard la Dar es Salaam.

Mwongozo wake kwa gazeti hilo ulikuwa na sehemu mbili. Liliagizwa kuutetea ujamaa wa Azimio la Arusha. Papo hapo likaruhusiwa kukosoa kasoro za utekelezaji. Mhariri, Frene Ginwala, mwanaharakati wa ukombozi wa Afrika Kusini, aliichukua ruhusa hiyo kwa dhati. Mwaka 1971 gazeti lilimshutumu Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua viongozi wa kikomunisti. Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 The Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la chama, likazaliwa Daily News.

Ginwala hakuwa adui wa ujamaa. Wala wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakuwa maadui zake, nao jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970 kwa kuwa wa mrengo wa kushoto kupita kiasi kilichovumilika. Kwa hiyo mgogoro haukuwa baina ya wenye imani na wasio nayo. Ulihusu nani mwenye haki ya kuifasiri imani hiyo.

Hapa ndipo maneno mawili ya Kiswahili yanapotofautiana. Kukosoa ni kurekebisha kutoka ndani. Kupinga ni kusimama nje. Tujisahihishe, kijitabu cha Nyerere cha mwaka 1962, kiliwahimiza wanachama kusemezana ukweli bila kuogopa vyeo. Lakini mpaka kati ya maneno hayo ukichorwa na mkosolewa mwenyewe, kila ukosoaji unaweza kugeuzwa upinzani, na mwandishi mwenye busara hujifunza kunyamaza kabla ya kukatazwa.

Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, aliwakosoa hadharani viongozi wa chama chake katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Kitabu hicho kilichapishwa Harare.