Kabla ya Kuchagua Kopo: Nywele, Ngozi ya Kichwa na Bidhaa za Saluni Bukoba

Desemba inapokaribia, saluni za Bukoba hufunguliwa mapema na kufungwa usiku. Wenyeji wanaoishi Mwanza na Dar es Salaam hurejea kwa sikukuu, harusi na sherehe za kuaga mabinti hufuatana, na kuanzia katikati ya mji hadi kata za pembeni kama Nyanga, na kusini hadi Muleba na Kamachumu, wateja huketi kwenye mabenchi wakisubiri zamu ya kiti. Mbele yao ipo rafu ya makopo, na swali linalosikika ni lile lile: ipi inafaa nywele ngumu? Wiki chache baadaye, baadhi ya wateja hao huonekana kwenye benchi jingine, la wagonjwa wa nje, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa.

Makopo mengi huandikwa kwamba ni ya nywele kavu, nywele za mafuta au nywele za kawaida. Mgawanyo huo unawafaa zaidi wenye nywele za singa. Mwaka 1997 msusi wa Kimarekani Andre Walker, aliyejulikana kwa kumtengeneza nywele Oprah Winfrey, alichapisha kitabu kilichozipanga nywele katika makundi manne, kutoka zilizonyooka hadi za kipilipili. Mpango huo umeenea hata kwenye matangazo ya vipodozi. Hata hivyo, karibu kila anayeketi kwenye kiti cha saluni ya Bukoba angeangukia kundi la nne, na namba hiyo isingemsaidia msusi kuchagua chochote. Vichwa vya huku hutofautishwa zaidi na historia yake: kimoja hakijawahi kuguswa na dawa, kingine kimewekwa dawa kwa miaka kumi, cha tatu kimefumuliwa jana rasta zilizokaa miezi mitatu. Aina za nywele ambazo msusi anahitaji kuzijua ni hizo.

Unywele wa kipilipili huota kutoka kwenye shimo lililopinda, na ukikatwa, umbo lake ni bapa kama yai. Mafuta ya asili ya ngozi hayateremki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja. Kwa sababu hiyo kichwa kimoja huweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha kavu kama jani la mgomba lililosahauliwa juani. Kila mkunjo pia ni mahali ambapo unywele hukatika upesi ukichanwa mkavu.

Nywele za namna hii, zikiwa hazijawekwa dawa, hutosheka kuoshwa mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, kwa shampoo isiyo kali. Orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Maji yakifuatwa mara moja na sodiamu laurili salfeti, shampoo hiyo huondoa uchafu vizuri lakini hukausha. Baada yake ni lazima kondishena, na nywele zichanwe kwa chanuo lenye meno mapana zingali na kondishena hiyo, kuanzia nchani kwenda shinani.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya kando ya Ziwa Victoria huwa na unyevu karibu wakati wote. Bidhaa zenye gliserini hufanya kazi vizuri mahali kama hapa, kwa kuwa gliserini huvuta unyevu kutoka hewani. Kopo hilo hilo huweza kumkera ndugu aliyeko Dodoma, kwani katika hewa kavu gliserini huweza kuvuta maji ya unywele wenyewe. Maji ya mvua yanayokingwa mapaani hayana chumvichumvi za ardhini, hivyo shampoo kidogo hutoa povu jingi; kumimina nusu chupa ni kujikausha nywele kwa gharama. Vaselini haiingii ndani ya unywele, hufunika tu, kwa hiyo ipakwe kidogo juu ya nywele zenye unyevu. Mafuta ya nazi huingia, na imeonekana kwamba yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini.

Madhara makubwa zaidi hutoka kwenye dawa ya kunyoosha. Nywele zenye afya zina asidi kidogo, pH ya takriban 4.5 hadi 5.5. Dawa hufika pH 12 hadi 14. Baadhi ya makopo yana sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda ile ile ya kutengenezea sabuni. Mengine huandikwa kwamba hayana lai, nayo huuzwa na vifungashio viwili, krimu yenye kalsiamu haidroksaidi na kimiminika cha guanidini, vinavyochanganywa papo hapo. Hayo huunguza ngozi kidogo kuliko ya kwanza, lakini huacha kalsiamu kwenye unywele na kuukausha zaidi. Maandishi hayo ya boksini yamewafanya wazazi wengi waamini kwamba watoto wanaweza kupakwa bila wasiwasi. Hayo bado ni alkali kali.

Nguvu ya dawa hupimwa kwa unene wa unywele. Nywele nyembamba, au zilizotiwa rangi, hazistahili ile ya nguvu kubwa ambayo saluni huiita supa. Hiyo huchaguliwa mara nyingi kwa sababu foleni ni ndefu. Dawa haiwekwi siku ya kufumua rasta, wala juu ya ngozi iliyokunwa au yenye vidonda; wiki moja ya kupumzika ni ya lazima. Hupakwa kwenye nywele mpya tu, baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kwa kuwa unywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi na sehemu ya zamani tayari imekwisha kubadilishwa kabisa. Mteja akisema kichwa kinawaka moto, huambiwa avumilie, dawa inashika. Wakati huo ngozi inaungua, na kinachotakiwa ni maji mengi mara moja. Dawa ikiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15 kabla ya safari ya kwenda hospitalini. Mtoto aliyeimeza asitapishwe. Apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 walitoa taarifa kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya umri wa miaka 70 kwa kiwango cha asilimia 4.05, wakati wasiotumia walikuwa asilimia 1.64. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba bidhaa hizo ndizo chanzo, wala haukuchunguza chapa. Unatosha lakini kumfanya mteja arefushe muda kati ya dawa moja na nyingine.

Kusuka ni jambo jingine, ingawa rafu ya makopo inahusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Cape Town ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wana upara wa kuvutwa, ule unaoanzia pembeni mwa paji la uso. Hatari huwa kubwa zaidi rasta zikisukwa juu ya nywele zilizowekwa dawa. Msusi anayempa mteja panadol baada ya kumsuka ameshatambua ugonjwa bila kujua. Mwanzoni nywele hurudi zikiachwa bila kuvutwa. Zikiendelea kuvutwa, mashimo ya nywele hugeuka makovu, na hakuna mafuta ya ukuaji, hata ya bei kubwa, yanayoweza kuotesha nywele kwenye kovu. Upara unaoanzia utosini na kutanuka, ukiambatana na muwasho au maumivu, una makovu pia. Mwaka 2019 uhusiano wake na jeni iitwayo PADI3 ulionyeshwa kwa baadhi ya wagonjwa, hivyo si haki kumlaumu mwanamke kwa kila unywele aliopoteza. Anahitaji tiba mapema.

Mba nao hutibiwa visivyo kila siku. Ngozi ikitoa magamba, hupakwa mafuta, na fangasi wanaohusika na mba hustawi kwenye mafuta hayo. Shampoo yenye ketokonazoli, iachwe dakika tano kabla ya kusuuzwa, mara moja kwa wiki, ina manufaa zaidi, ikifuatwa na kondishena nchani. Mapunye ya mtoto wa shule hayaponi kwa shampoo wala krimu peke yake. Yanahitaji dawa ya kumeza, mfano griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Rangi nyeusi zenye parafenilenidiamini zijaribiwe kwanza nyuma ya sikio na kusubiriwa saa 48, na aliyewahi kuvimba kwa piko asizitumie kabisa.

Mtoa huduma wa zahanati anayemwona mwanamke mwenye nywele zinazodondoka aanze na maswali yasiyohusu saluni. Amejifungua miezi mitatu iliyopita? Alipata homa kali? Ana upungufu wa damu? Nywele hizo huota tena zenyewe chanzo kikishughulikiwa. Upara wa mabaka, kama nguo iliyoliwa na nondo, unadai kipimo cha kaswende. Ndipo aangalie utosi na paji: panapong'aa bila matundu, rufaa isicheleweshwe, kwa hospitali ya mkoa Bukoba, Bugando ya Mwanza, au kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi.

Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa iliyopimwa kutoka ndoo kubwa na kuuzwa katika chupa ya soda haina lebo ya kusomwa, na mtoto mwenye kiu huiona kuwa kinywaji. Mgonjwa anapokuja kliniki aje na boksi lenyewe, hata likiwa tupu, na picha ya utosi iliyopigwa kwa simu, njia ya nywele ikiwa imechanwa mahali pale pale, ili ilinganishwe na nyingine baada ya miezi mitatu.